Kujitibu kijijini hakuishi. Kwa nini tusiwafundishe watu kujitibu bila kujiumiza?

#1 Mama_Kibaoni
Kamwene wadau.

Niko kwenye kamati ya zahanati ya kijiji huku Mufindi, upande wa mashamba ya chai. Tumepewa nafasi kwenye mkutano mkuu wa kijiji tuzungumzie watu kujinunulia dawa bila kupima. Wenzangu wanataka turudie wimbo ule ule: acheni mara moja, nendeni zahanati. Mimi napinga. Wimbo huo umeimbwa tangu enzi za klorokwini na sijaona aliyeacha. Mchuma chai analipwa kwa kilo. Kichwa kikimuuma hawezi kuimalizia siku kwenye benchi la zahanati. Atapita dukani asubuhi, atameza, ataingia shambani.

Kilichonisukuma niandike ni nyumba moja jirani. Dawa zote zinakaa kwenye kopo la siagi juu ya kabati. Hakuna bahasha wala karatasi. Mama mwenye nyumba alinimwagia mezani nione: vidonge vyeupe vya duara vya kila saizi, vingine vimekatika nusu, vya njano vichache, kapsuli mbili zimegandana kwa unyevu. Akawa ananionyesha kwa kidole: "Hiki chenye mstari cha kichwa, hiki kidogo cha bibi, hiki nadhani cha tumbo." Na wajukuu wakishikwa na homa, dawa yao inatoka humo humo.

Sasa swali. Kama kujitibu hakuishi, tuwafundishe nini ili wasijiumize? Mambo machache tu, ya kusemwa dakika kumi na tano watu wakiwa wameshachoka na mahesabu ya mradi wa maji. Na nani ayaseme?

#2 Naweka_Kiti
Ngoja waje wataalamu.

#3 Mfamasia_Mbalizi
Mama, hicho "kidogo cha bibi" kimenishtua. Bibi ana sukari? Kama anayo, usishangae kikiwa ni glibenklamaidi. Hicho kwa mtoto mdogo hata kimoja tu kinaweza kushusha sukari ya mwili mpaka aishiwe nguvu, apate degedege na kupoteza fahamu. Nyumbani watasema malaria imepanda kichwani, wataanza kutafuta kwinini, kumbe mtoto anahitaji sukari haraka na hospitali.

Rangi haitambulishi dawa. Parasetamo nyeupe, Septrin nyeupe, SP nyeupe, prednisolone mara nyingi nyeupe, za presha nazo zipo nyeupe kibao. Kwa hiyo kama una dakika kumi na tano, tumia tano kwenye kopo. Dawa ibaki kwenye pakiti au bahasha yake yenye jina. Ya mgonjwa wa kudumu ikae peke yake, mahali mtoto hafiki. Kidonge usichokijua jina kirudishwe dukani au zahanati, kisibakishwe eti kitafaa siku moja.

#4 Kyela_Kwetu
Mfamasia umeeleza vizuri ila mimi na mleta mada hatuko pamoja. Ukisimama mbele ya kijiji ukasema "jitibuni hivi na hivi", watakachosikia ni "jitibuni". Yale mengine upepo unachukua. Huku kwetu Kyela mbu hawana utani na kipimo cha malaria zahanati ya serikali ni bure. Mtu akikaa na homa nyumbani anajaribu jaribu, siku ya tatu analetwa kwenye bodaboda kafungwa kanga mgongoni mwa mwenzake ili asidondoke. Hilo ndilo la kufundisha: pima kwanza.

#5 Mkinga_Halisi
Kyela ni Kyela mkuu. Sisi huku Makete malaria unaitafuta kwa tochi, na Njombe hivyo hivyo, na sehemu kubwa ya huko Mufindi kwa mleta mada. Ila cha ajabu mseto unanunuliwa kuliko chumvi. Mtu kapata homa, kifua kinabana, usiku baridi ya kukata masikio, anameza mseto kwa sababu ndugu yake wa Dar kwa simu kamwambia "hiyo malaria hiyo". Malaria huku mara nyingi mtu anakuja nayo kutoka safari. Hujasafiri, hujashuka bonde, unameza mseto wa nini?

Kwetu kinachoua watoto ni kifua. Wafundishwe kifua.

#6 Muuguzi_Mstaafu
Nawasalimu wote. #5 amegusa penyewe. Nimefanya kazi ya RCH (afya ya mama na mtoto) miaka mingi na hakuna somo lililowaingia akina mama kama kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, halii, hanyonyi, unamfunua kifua, unahesabu anavyopumua kwa dakika nzima. Kuanzia miezi 2 mpaka kabla ya mwaka, ikifika 50 au zaidi, inuka twende. Kuanzia mwaka 1 mpaka kabla ya miaka 5, ikifika 40. Mwenye chini ya miezi 2 hahesabiwi nyumbani, akiumwa anakwenda moja kwa moja. Na ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani akivuta hewa, hapo hakuna cha kuhesabu tena, ni mbio.

Simu zote siku hizi zina saa. Hata ya kitochi.

Hilo sasa utaliita kujitibu au kupima? Mimi naona mabishano ya #1 na #4 ni ya bure. Ukimfundisha mama kujua lini dukani hapatoshi, umefanya yote mawili.

#7 Ulanzi_Mbichi
Mimi swali langu ni dogo. Nimeandikiwa Flagyl na msimu wa ulanzi ndio umeiva. Kuna madhara nikipooza koo kidogo jioni?

#8 Naweka_Kiti
Nilijua tu. Jina lako limetangulia.

#9 Mfamasia_Mbalizi
@Ulanzi_Mbichi acha mpaka umalize, na uongeze siku mbili tatu juu yake. Karatasi ya dawa inakataza pombe kwa sababu wapo wanaochanganya wakapata kichefuchefu, kutapika, uso kuwaka na moyo kwenda mbio. Usiseme ulanzi ni juisi ya mianzi. Wa asubuhi mtamu sawa, wa jioni umeshachacha.

Ila swali lako nalipenda. Wengi hawaulizi. Anameza na komoni, anaumwa, anasema dawa mbaya, anaiacha.

#10 Muuza_Dawa_Ilula
Naona mnapiga stori bila sisi. Mimi nina duka la dawa muhimu, nimesomea utoaji dawa, cheti kiko ukutani. Sasa niwaambie kinachotokea dirishani. Mtu anakuja na mia tano mkononi: "Nipe rangi mbili," yaani kapsuli. Za nini? "We nipe tu." Namuuliza nani mgonjwa, ananijibu kama polisi kamhoji. Namwambia dozi kamili ni kiasi hiki, anasema basi nipe nne, nyingine nitakuja kesho. Haji. Nikimkatalia anavuka barabara anakwenda duka la mangi anakouziwa pamoja na sabuni na viberiti, na mangi haulizi kitu.

Kwa hiyo mkifundisha wanunuzi mkaacha maduka ya bidhaa, mnajaza maji kwenye pakacha. Na mjue dawa ya nusu dozi mimi hainipi faida. Ningependa kuuza kamili.

#11 Kyela_Kwetu
@Muuza_Dawa_Ilula unajitetea vizuri ila wenzako wengine wanachoma sindano nyuma ya pazia. Hilo nalo ni la mangi?

#12 Muuza_Dawa_Ilula
Kuchoma sindano dukani hakuruhusiwi na anayefanya anajua. Sisemi hawapo. Mteja naye anaamini sindano kuliko kidonge, anakuja na sindano yake mfukoni anabembeleza. Ukikataa unaitwa mwenye roho mbaya.

#13 Mjasiriafya
Tatizo ni usimamizi. Haya maduka ya dawa muhimu, DLDM, yalianzishwa Mbeya kwa majaribio na TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ikayaacha yajiendee.

#14 Mngoni_wa_Peramiho
@Mjasiriafya hapana. Yalianzia kwetu Ruvuma, 2003, ndipo yakasambazwa mikoa mingine. Kabla yake tulikuwa na duka la dawa baridi, kisheria liliruhusiwa dawa zisizohitaji cheti cha daktari lakini kila kitu kilikuwa chini ya kaunta. Wazo la DLDM lilikuwa hilo hilo analolisema mleta mada: kuliko kukataza, mfundishe muuzaji, mruhusu dawa chache muhimu zikiwemo baadhi ya antibayotiki, umkague. Na TFDA ni TMDA tangu 2019, chakula kikahamia TBS, shirika la viwango. Wauzaji na maduka wako chini ya Baraza la Famasi.

#15 Mjasiriafya
Shukrani kwa darasa. Usimamizi bado mbovu.

#16 Mchumi_wa_Kijiwe
Mnazunguka mbuyu. Sababu ni pesa na rafu tupu, basi. Nilimpeleka mama zahanati fulani (siitaji), tumeamka alfajiri, tumesubiri mpaka mchana, tumepimwa, tumeandikiwa, tumeambiwa "dawa hii hatuna, kanunueni nje". Nje ni wapi? Ni duka lile lile tulilolipita asubuhi! Mwanakijiji ana akili za kutosha kuona kwamba angeanzia dukani angeokoa siku. Huyo unamfundisha nini? Yeye ndiye atakufundisha.

Leteni dawa zahanati muone kama watu hawaendi.

#17 Mama_Kibaoni
@Mchumi_wa_Kijiwe nakuunga mkono nusu. Sisi kwenye kamati tunaziona tarehe dawa zinapoingia kutoka MSD (bohari ya dawa) na tunaona zinavyoisha. CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, ilipoanza ilikuwa elfu thelathini kaya ya watu sita kwa mwaka, waliojiunga walikuwa wachache, na wakikosa dawa mara moja mwaka unaofuata hawakurudi. Lakini nyumba ya lile kopo iko hatua chache kutoka zahanati. Umbali si sababu pale, na siku hiyo rafu haikuwa tupu. Kwa hiyo kuna kitu kingine.

#18 Msafwa_Mkimya
Kitu kingine ni heshima. Dukani unaitwa mteja. Kwingine unaitwa "we mama sogea".

#19 Muuguzi_Mstaafu
Linauma ila ni kweli.

#20 Mwalimu_Isyonje
Mimi nina sababu yangu na hamjaigusa: maandishi ya bahasha. Darasani kwangu niliandika ubaoni 1x3 na 2x2 nikauliza darasa la sita, hii ikiwa juu ya bahasha ya dawa mgonjwa anameza vipi? Mikono juu. "Moja mara tatu ni tatu, mwalimu, anameza vitatu." Nimewafundisha mwenyewe hesabu hiyo, ningewakatalia vipi? Na hawa ndio wanaowasomea bibi zao bahasha nyumbani.

Halafu 1x3 asubuhi, mchana na jioni. Mkulima wa viazi anaondoka na giza, anarudi na giza. Anameza asubuhi, kile cha mchana anakijumlisha na cha jioni. Hesabu imetimia, au siyo? Kama dawa ni ya kila baada ya saa nane mwandikie saa zenyewe kwa maneno: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku.

#21 Naweka_Kiti
Hii ya mwalimu imenitoa kwenye kiti.

#22 Muuza_Dawa_Ilula
@Mwalimu_Isyonje mimi nachora. Jua linachomoza, jua katikati, mwezi. Na idadi ya vidonge chini ya kila picha.

#23 Mkinga_Halisi
Huku Makete chora ukungu, ukungu, ukungu.

#24 Mfamasia_Mbalizi
Hahaha. Lakini mseto hauna shida hiyo sana, pakiti yake ina michoro na imegawanywa kwa uzito. Mtu mzima ni vinne mara sita, jumla 24 kwa siku tatu. Dozi ya pili inamezwa yakipita masaa manane tangu ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Kinachosahaulika ni kuula pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, maziwa au karanga, ndipo unaingia vizuri mwilini. Watu wanameza tumbo tupu, siku ya pili wamepata nafuu, vilivyobaki vinakwenda... kwenye kopo la siagi.

Niongeze la vijiko. Dawa ya maji ya mtoto ikiandikwa kijiko kimoja maana yake ni mililita 5. Vijiko vya nyumbani kimoja kinabeba tatu, kingine kinabeba saba, na kile cha mezani ni karibu mara tatu. Tumieni kifuniko cha kupimia au bomba la sindano lisilo na sindano, duka lolote wanalo. Na amoksisilini ya unga ukishaichanganya na maji (yaliyochemshwa yakapoa) haikai, ni wiki moja tu nje ya friji. Nimeona chupa ya Pasaka inatumika Krismasi.

#25 Bodaboda_Tukuyu
Ndaga sana. Mimi swali, kuna jamaa huku kila akikojoa kukiuma anajua ni yutiai, kila tumbo likimsokota ni taifodi. Anakunywa sipro, ile antibayotiki, kama karanga. Anasema alipimwa mara moja akaambiwa anayo taifodi, kwa hiyo anayo tu.

#26 Mfamasia_Mbalizi
Kile kipimo cha damu cha taifodi alichopimwa ni Widal, na kikifanywa mara moja tu hakiaminiki. Kinaweza kusoma chanya kwa mtu aliyewahi kuumwa zamani, au aliye na ugonjwa mwingine kabisa. Kipimo cha uhakika ni kuotesha vimelea, hasa kutoka kwenye damu, na zahanati nyingi hawana. Hata kile cha haraka cha malaria kinaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Kwa hiyo @Kyela_Kwetu "pima kwanza" ni nzuri lakini na kipimo kinahitaji mtu wa kukisoma akiwa na mgonjwa mbele yake.

#27 Kyela_Kwetu
Sijasema mtu ajipime barazani. Nimesema apimwe.

#28 Msomi_Njaa
Nileteni kwenye antibayotiki. Fleming, aliyegundua penisilini 1928, alipokwenda kupokea Nobeli 1945 alionya kwamba mtu akijitibu kwa dozi ndogo anawafundisha bakteria kuizoea. 1945! Hatuwezi kusema hatukuambiwa. Ndiyo hiyo UVIDA, usugu wa vimelea dhidi ya dawa, inayotangazwa, na lile tangazo la "Holela Holela Itakukosti".

Ila na hili la "maliza dozi" lina mjadala. 2017 kuna madaktari wa Uingereza waliandika kwenye jarida la BMJ kwamba kwa magonjwa mengi hakuna ushahidi kwamba kuacha mapema ndiko kunakoleta usugu, na kumeza muda mrefu kuliko inavyohitajika ndiko kunawapa bakteria wengine nafasi ya kuzoea. Kwa hiyo kosa kubwa la kijijini huenda si kukatisha. Kosa ni kuanza, kumeza antibayotiki ya mafua ambayo hayasikii antibayotiki hata kidogo.

#29 Muuguzi_Mstaafu
Mwanangu, hayo kayaseme semina. Ukienda kijijini ukasema wataalamu wanabishana kuhusu kumaliza dozi, wa TB ataacha mwezi wa pili akipata nafuu, na TB ni miezi sita. Wa presha tayari anaacha kichwa kikitulia. Kijijini sema alichoandikiwa na mtaalamu amalize, basi.

#30 Msomi_Njaa
Ndiyo maana watu hawatuamini mama, tunawaambia nusu.

#31 Muuguzi_Mstaafu
Ukiwaambia yote ndani ya dakika kumi na tano wanabaki na robo.

#32 Mfugaji_Usangu
Mmesahau sisi wa ng'ombe. Nyumba za huku OTC haikosi. Kidonda cha ng'ombe, kidonda cha mtoto, chupa ni ile ile. Wapo wanaojichoma kabisa. Wanasema kama imeinua fahali la kilo mia nne mimi itanishindwaje.

#33 Mfamasia_Mbalizi
OTC ni oksitetrasaiklini, jamii moja na tetrasaiklini za watu, ila hiyo ya mifugo imetengenezwa nzito, kipimo chake ni cha ng'ombe na vilivyochanganywa humo havikupimwa kwa binadamu. Jamii hii yote mjamzito na mtoto chini ya miaka 8 hatumpi, inaharibu meno na kuingia kwenye mifupa inayokua. Na maziwa ya ng'ombe aliyechomwa msinywe mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe. Hapo mnajitibu bila kujua mnajitibu.

#34 Mfugaji_Usangu
Hili la maziwa ndugu yangu utapigana na mke wangu, si mimi.

#35 Dada_wa_Makambako
Kwa kuwa mnaongea sana ya watoto na ng'ombe niongee ya wanawake. Wasichana stendi wanameza P2 kama ratiba. Ni dawa ya dharura ya kuzuia mimba, ndani ya saa 72 na mapema zaidi ndiyo bora, si uzazi wa mpango wa kila wiki. Kuna vidonge vya kunenepa pia, vingine ni deksamethazoni: uso unavimba mashavu, sukari inapanda, na ukiacha ghafla baada ya muda mrefu mwili unagoma. Hivyo havipo kwenye duka la dawa, vinauzwa na vipodozi. Na wajawazito kupewa mizizi ya kuharakisha uchungu, kizazi kinaweza kupasuka. Mkutano wenu ukiongea malaria tu utakuwa umeongea na wanaume.

#36 Mzee_wa_Ileje
Vijana, mitishamba yetu mnaiweka wapi? Sisi tumekua kwa kufukizwa mkaratusi na hatujafa.

#37 Mchumi_wa_Kijiwe
Shikamoo mzee. Waliokufa hawapo kwenye uzi huu.

#38 Mzee_wa_Ileje
Marahaba, na adabu uirudishe. Sisemi tuache hospitali. Nasema mtu akifukizwa mafua na kunywa maji moto hana kosa, na huyo amejiepusha na hivyo vidonge vyenu vya rangi. Kosa ni lile la 2011, watu walipopanga foleni Loliondo kwa kikombe cha dawa ya mti, wengine wakatupa ARV zao. Mti wenyewe haukuwa na hatia, hatia ni kuacha ya hospitali.

#39 Muuguzi_Mstaafu
Nakubaliana na mzee. Niongeze tu sufuria ya kufukiza iwekwe mbali na mtoto. Nimepokea wengi walioungua, mafua yenyewe yangepona bila kitu.

Na kuharisha msisahau, kwa sababu hilo ndilo kujitibu ninalolitaka mimi. ORS pakiti moja lita moja ya maji salama, kidogo kidogo kila akiharisha, pamoja na zinki siku 10 mpaka 14 hata kama kuharisha kumekata. Haihitaji antibayotiki isipokuwa choo kina damu au daktari kasema. Macho yakizama, hanywi, analegea: zahanati.

#40 Mchuma_Majani
Mimi ndiye huyo wa kulipwa kwa kilo. Mgongo ukiniuma nakunywa diklofenaki asubuhi, nikichoka sana naongeza Panadol na ya mafua. Mwaka wa ngapi huu sijui. Siku hizi tumbo linawaka, nimeongeza ya vidonda. Mnaniambia niache, sawa. Kikapu atabeba nani?

#41 Mfamasia_Mbalizi
Pole sana. Diklofenaki ya kila siku ndiyo inayokuchoma tumbo, na inapandisha presha na kuumiza figo usijue. Ukiona choo cheusi kama lami usisubiri asubuhi. Dawa nyingi za mafua zina parasetamo ndani, ukizijumlisha na Panadol unapita kiwango. Mtu mzima mwisho ni vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na mnywaji pombe sana achukue pungufu, ini halipigi kelele mapema. Kwa mgongo anza na parasetamo peke yake, mafuta ya kuchua, na nenda upimwe presha wiki hii. Kuhusu kikapu sina jibu.

#42 Mchumi_wa_Kijiwe
Hapo sasa. "Kuhusu kikapu sina jibu." Nilisema tangu #16.

#43 Mwalimu_Isyonje
Hujasema, ulisema rafu tupu. Hapa rafu imejaa na mtu anaumia.

#44 Mama_Kibaoni
Asanteni, nimenakili mengi. Mwenyekiti kakubali nusu saa badala ya robo. Naona kopo lije lenyewe mkutanoni, yule mama hana shida, anasema atalileta. Kuhesabu pumzi tutafanya pale pale kwa saa ya simu. Bahasha Mwalimu ameshatupa. Kilichobaki ni nani asimame. Wenzangu wanataka mganga wa zahanati. Mimi nataka muuza duka la dawa asimame naye, kwa sababu ndiye wanayemwendea.

#45 Kyela_Kwetu
Muuza duka akisimama jukwaani kesho yake foleni iko dukani kwake. Msimpe matangazo ya bure. Mmepata wahudumu wa afya ngazi ya jamii? Hao wanaingia nyumba kwa nyumba, wangelikuta kopo kabla yako.

#46 Muuza_Dawa_Ilula
Wivu tu. Na huyo mhudumu akishaliona kopo, dawa zisizo na jina atazirudisha kwa nani kama si kwangu au zahanati?

#47 Mkulima_Uporoto
Nimechelewa kuuona uzi. Mmeongea kopo la siagi, je sisi tunaoweka dawa ya kupulizia viazi kwenye chupa za maji ya kunywa? Mtoto wa shemeji alionja, wakampa maziwa lita nzima. Yuko hai lakini nauliza kama maziwa yalisaidia.

#48 Muuguzi_Mstaafu
Hapana, hayakusaidia. Dawa nyingine za shamba zimechanganywa na mafuta, na maziwa yanaweza kuzidisha kufyonzwa. Usimpe maziwa, usimtapishe. Nguo zilizolowa zivuliwe, ngozi ioshwe kwa maji na sabuni, akimbizwe hospitali, na chukueni kopo la asili lenye lebo, siyo ile chupa ya maji, ili daktari ajue ni sumu gani. Fungua uzi wake, hili ni refu.